UCHAMBUZI: Bodi ndogo ya redio yaweza kuwafaa wanafunzi kuliko tableti za kabatini

KUNDI la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa umilisi, lililofanya mtihani wa kukamilisha sekondari ya msingi mwaka wa 2025, limefungua ukurasa mpya katika elimu ya nchi hii. Kwa mara ya kwanza tangu mfumo wa 8-4-4 uanzishwe mwaka wa 1985, mwanafunzi anaelekea sekondari ya juu akiwa amechagua njia moja kati ya tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Matarajio ya serikali ni kwamba asilimia 60 ya wanafunzi wafuate njia hiyo ya kwanza.

Matarajio hayo ni mema. Hata hivyo, kuna swali ambalo wapangaji wa elimu hawana budi kulijibu kabla ya kuhesabu asilimia: je, watoto hao watashika nini mikononi mwao?

Swali hili si geni. Katika kampeni za uchaguzi za mwaka wa 2013, muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza. Ahadi hiyo ilipoanza kutimizwa mwaka wa 2016, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka kuwa tableti, zilizounganishwa humu nchini na Chuo Kikuu cha Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kwa ushirikiano na kampuni za kigeni. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawanywa katika shule za msingi za umma.

Yaliyofuata yanajulikana. Malalamiko yamesikika mara kwa mara kuhusu tableti zilizofungiwa kabatini kwa kuhofia wezi, betri zilizokufa na walimu ambao hawakupata mafunzo ya kutosha. Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, haikuzungumzwa sana. Tableti ni chombo kilichofungwa. Mtoto hugusa kioo, picha ikatokea. Hajui umeme unapita wapi, hana pa kuchomeka waya, na chombo kikiharibika hukirudisha kabatini. Amefunzwa kutumia, wala hakufunzwa kuunda.

Mwaka wa 2022 hatua nyingine ilipigwa, pale Taasisi ya Ukuzaji Mtaala nchini (KICD) ilipoidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Hiyo ni hatua ya kusifiwa. Lakini programu inayoishia kwenye kioo ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni pale maneno aliyoandika mwanafunzi yanapowasha taa, yanapopima joto la chumba, au yanapotuma habari kutoka shambani hadi nyumbani. Nusu hiyo leo yaweza kupatikana kwa gharama ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Chombo chenyewe

Mnamo Agosti 2014 wapenzi wa elektroniki katika nchi za Magharibi walianza kuagiza kutoka Uchina kijibodi chenye ukubwa wa stempu ya posta, kiitwacho ESP-01. Juu yake palikuwa na chipu ya ESP8266 iliyobuniwa na Espressif Systems, kampuni iliyoanzishwa Shanghai mwaka wa 2008. Wengi walikinunua kama kiungo tu cha kuipa bodi nyingine mawasiliano ya Wi-Fi. Muda si muda wakatambua kwamba chipu hiyo ilikuwa na kichakato chake chenyewe chenye kasi ya megahezi 80, na kwamba iliweza kufanya kazi yote peke yake. Kwa dola chache, mtu alikuwa amepata kompyuta ndogo kabisa pamoja na redio yake.

Kulikuwa na kikwazo: maelezo yake yalikuwa ya Kichina. Watu wa kujitolea wakayatafsiri, wakayajaribu na kuwagawia wengine matokeo. Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni yenyewe ilitoa zana za kuandikia programu. Mwaka wa 2015 ikawezekana kuipanga chipu hiyo kwa programu ya bure ya Arduino, mradi ulioanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka wa 2005 kwa ajili ya wanafunzi wasio wahandisi. Mwaka wa 2016 ikaja ESP32, yenye viini viwili vinavyofika megahezi 240, kumbukumbu ya kilobaiti 520, na redio za Wi-Fi na Bluetooth kwa pamoja.

Leo bodi ya ESP32 hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki jijini Nairobi, mara nyingi kwa bei isiyofika Sh1,500. Ukiitazama utaona kifuniko cha chuma kilichofunika chipu, mstari wa shaba uliopindapinda ambao ndio antena, safu mbili za pini, na tundu la USB. Hayo ndiyo yote. Vifaa vinavyouzwa kwa jina la vifaa mahiri, kuanzia balbu inayowashwa kwa simu hadi kipimo cha maji ya tangi, vingi vimejengwa juu ya moduli ya aina hii hii.

Kifaa mahiri si muujiza. Ni chombo kinachopima jambo, kinachofanya uamuzi mdogo kutokana na kipimo hicho, kisha kikapeleka habari kwa anayehusika. Mwanafunzi wa miaka 15 anaweza kukijenga. Muhimu ni kuanza na tatizo analolijua.

Suala la ghala

Tuchukue mfano mmoja wenye uzito. Mwaka wa 2004 ugonjwa wa ajabu ulizuka Makueni, Kitui na maeneo ya jirani. Watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, ambayo wengi huiita aflatoksini, iliyotokana na mahindi yaliyohifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Hatari hiyo haikuondoka. Mnamo Novemba 2019 Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi kutoka Uganda na Tanzania, na uhusiano wa kibiashara na majirani ukatikisika kwa siku kadhaa.

Kanuni inayotolewa kwa mkulima ni kwamba mahindi yakaushwe hadi unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Swali ni je, mkulima asiye na mashine ya kupimia atajuaje? Wazee na maafisa wa kilimo wamekuwa na jibu la busara: tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, kisha uache yatulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Unyevu wake umepita takriban asilimia 15.

Sababu ya kisayansi ni rahisi. Nafaka hupumulia unyevu wake katika hewa iliyo kati ya punje. Hewa hiyo inapofika unyevu wa asilimia 75, chumvi ya mezani huanza kuloa. Kuvu wa ghalani, kwa upande wao, hushindwa kukua ikiwa unyevu wa hewa hiyo uko chini ya asilimia 65 hivi. Kwa hivyo chupa ya chumvi hutoa onyo, ila hulitoa likiwa limechelewa kidogo, tena siku ile tu ambayo mtu amekumbuka kupima.

Hapo ndipo moduli yetu inapoingia. Kitambuzi kidogo cha unyevu na joto, kama kile kiitwacho DHT22, kikiwekwa katikati ya gunia na kuunganishwa na bodi ya ESP32, kitasoma unyevu wa hewa iliyo kati ya punje kila saa, usiku na mchana. Kikiona umevuka asilimia 65, kinawasha taa nyekundu au kupeleka ujumbe. Ni chupa ya chumvi isiyolala.

Ni vyema tuwe wakweli kuhusu mipaka yake. Kitambuzi hiki hakipimi sumu. Mahindi yanaweza kuambukizwa yangali shambani, hasa wakati wa ukame, na hakuna kipimo cha unyevu kitakachoiondoa sumu iliyokwisha kuingia. Vita vya shambani vina silaha zake, ikiwemo dawa ya kibiolojia ya Aflasafe inayotengenezwa Katumani, Machakos. Kazi ya kifaa cha mwanafunzi ni kulinda kilichovunwa kikiwa salama. Hata hivyo, familia iliyowahi kuzika watu kwa sababu ya gunia lililofungwa mapema haiwezi kuidharau kazi hiyo.

Namna ya kuanza

Anayeanza anahitaji vitu sita: bodi ya ESP32 yenye tundu la USB, waya wa USB, ubao wa matundu wa kuunganishia bila kulehemu, nyaya fupi za kuchomeka, kitambuzi, na kompyuta yoyote ya kawaida. Ukiondoa kompyuta, vingine vyote kwa pamoja tunavikadiria kuwa chini ya Sh3,500. Wanafunzi wanne wakishirikiana, darasa la watu 40 litahitaji seti 10, yaani takriban Sh35,000. Seti hizo hazimalizwi na darasa moja. Hufunguliwa na kutumiwa tena mwaka unaofuata.

Hatua ya kwanza ni kuweka programu ya Arduino katika kompyuta na kuiongezea orodha ya bodi za ESP32. Intaneti huhitajika hapo mara moja tu. Hatua ya pili ni kuichomeka bodi na kuiandikia programu fupi kuliko zote: washa taa ndogo sekunde moja, izime sekunde moja. Wapo wanaoiona hatua hii kuwa ya kitoto na kuiruka. Wanakosea. Taa ikiwaka na kuzimika, umethibitisha kwamba kompyuta, waya, bodi na programu vyote vinasikilizana. Isipowaka, una jambo moja la kutafuta badala ya kumi.

Tatizo linalowakatisha tamaa wengi siku ya kwanza ni waya. Nyaya nyingi za simu zimetengenezwa kuchaji tu. Hazina njia ya kupitisha data. Bodi itawaka taa yake, ila kompyuta haitaiona. Kabla ya kulaumu bodi, badilisha waya. Ikiwa bado haionekani, huenda kompyuta inahitaji programu ndogo ya kutambua chipu ya USB iliyo juu ya bodi, ambayo kwa kawaida huwa CP2102 au CH340. Na ikiwa programu inakataa kuingia, bonyeza na ushikilie kitufe kilichoandikwa BOOT wakati kompyuta inapojaribu kuituma.

Hatua ya tatu ni kitambuzi. Hapa pana kanuni isiyo na msamaha: pini za bodi hizi ni za volti 3.3. Ukizipa volti 5 unaweza kuiunguza chipu, na hakuna fundi wa kuifufua. DHT22 hufanya kazi kwa volti 3.3, kwa hivyo inafaa. Isomwe baada ya kila sekunde mbili au zaidi. Ukiiharakisha itatoa majibu yasiyoaminika.

Kitambuzi nacho sharti kipimwe kabla ya kuaminiwa. Njia ipo jikoni. Tia chumvi katika kifuniko cha chupa, iloweshe kwa matone machache ya maji hadi iwe kama uji mzito, kisha ifungie pamoja na kitambuzi katika mfuko usiopitisha hewa kwa saa kadhaa. Hewa iliyo ndani itatulia katika unyevu wa asilimia 75. Kitambuzi kikisoma 79, mwanafunzi atajua kwamba katika kiwango hicho kinazidisha kwa nne. Katika jaribio hilo moja amejifunza kemia, hisabati na uaminifu wa kipimo, kwa chumvi ya senti chache.

Hatua ya nne ni redio, na ndiyo inayowatia wengi hofu kwamba shule ya kijijini haina intaneti. Hofu hiyo ina suluhisho. Bodi ya ESP32 inaweza kuwa mtandao wenyewe: inatangaza jina lake la Wi-Fi, simu inajiunga nayo, na ukurasa wenye vipimo unafunguka kwenye simu bila data wala ruta. Aidha, bodi mbili zinaweza kuzungumza moja kwa moja kwa utaratibu uitwao ESP-NOW, moja ikiwa ghalani na nyingine nyumbani. Palipo na mtandao, mwanafunzi akumbuke kwamba ESP8266 na ESP32 ya kawaida husikia masafa ya gigahezi 2.4 pekee, ruta iliyowekwa gigahezi 5 tu haitaonekana kabisa.

Anayetaka kutuma vipimo mbali anaweza kutumia utaratibu wa ujumbe uitwao MQTT. Utaratibu huo ulibuniwa mwaka wa 1999 kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, wakati mawasiliano yalipokuwa ghali na ya kukatikakatika. Kilichofaa jangwani kwa mawasiliano duni kinafaa pia Kitui.

Hesabu ya betri

Jambo linalotofautisha mchezo wa mezani na kifaa cha kazi ni umeme. Bodi iliyochomekwa kwenye kompyuta haina wasiwasi. Bodi ya ghalani inategemea betri, na hapa hesabu ya darasa la nane inatosha.

Tuseme betri ina uwezo wa miliampea 2,000 kwa saa moja, na bodi yenye redio iliyowashwa hutumia wastani wa miliampea 100. Gawanya: betri itaisha baada ya saa 20, hata siku moja haitimii. Lakini ghala halihitaji kupimwa kila sekunde. Bodi inaweza kuamriwa ilale usingizi mzito, iamke sekunde 10 katika kila saa, ipime, itume, kisha ilale tena. Sekunde hizo 10 hula miliampea-saa 0.28 tu.

Hapo mwanafunzi atarajie mshangao. Bodi ya kujifunzia, hata chipu yake ikiwa imelala, bado ina taa, kipunguza volti na chipu ya USB ambavyo havilali. Vikila miliampea 10, betri yetu itadumu siku nane hivi. Akitumia moduli tupu isiyo na vikorombwezo hivyo, ambayo usingizini hula takriban sehemu moja kwa mia ya miliampea, hesabu ya karatasi hufika miezi tisa. Tofauti kati ya siku nane na miezi tisa haikuletwa na betri kubwa zaidi, bali na mtu aliyeuliza umeme unakwenda wapi. Swali hilo mtumiaji wa tableti hana pa kuliuliza.

Onyo moja lapaswa kutolewa bila kupepesa macho. Mwanafunzi asiguse umeme wa volti 240 wa ukutani. Swichi za kuwashia pampu na taa kubwa kwa kutumia bodi hizi zinauzwa kwa bei rahisi, na vijana huvutiwa nazo. Kazi hiyo ni ya fundi aliye na leseni. Mambo ya kujifunza katika volti 3.3 yanatosha kwa miaka kadhaa.

Usipoziba ufa

Kuna upande wa pili wa sarafu hii, nao hauwezi kuachwa hadi mwisho wa muhula. Kifaa kinachozungumza na mtandao kinaweza pia kusikiliza amri za mtu asiyehusika.

Mnamo Oktoba 21, 2016, huduma nyingi maarufu za intaneti nchini Marekani zilizimika kwa saa kadhaa. Zilizoshambulia hazikuwa kompyuta kubwa za jeshi la adui, bali kamera za usalama, vinasa video na ruta za nyumbani, zilizotekwa na programu haribifu iitwayo Mirai. Programu hiyo haikuwa na ujanja mwingi. Ilijaribu orodha ya majina na manenosiri 60 hivi ambayo viwanda huviwekea vifaa na wanunuzi hawavibadilishi. Mwezi uliofuata silaha hiyo hiyo ilielekezwa Afrika, dhidi ya kampuni moja ya simu nchini Liberia, na mawasiliano ya wateja wake yakavurugika. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu Mwingereza mmoja kifungo cha miaka miwili na miezi minane kwa shambulio hilo.

Uingereza imejifunza. Tangu Aprili 29, 2024, sheria yake hairuhusu kuuzwa kwa vifaa vya nyumbani vya mtandao vyenye nenosiri moja la kiwandani linalojulikana na kila mtu.

Kwa mwanafunzi, somo ni fupi. Kila kifaa kiwe na nenosiri lake. Nenosiri la Wi-Fi lisiachwe ndani ya programu inayowekwa hadharani mtandaoni. Bodi isifunguliwe kwa intaneti yote ikiwa anayehitaji habari ni mama aliye umbali wa hatua 20 kutoka ghalani. Na kifaa kiwe na njia ya kupokea marekebisho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa aina hii hujengwa na taifa zima.

Sheria zetu pia zimo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inamlinda mtu ambaye habari zake zinakusanywa. Kupima unyevu wa mahindi hakumhusu mtu. Kuweka kamera mlangoni mwa bweni kunamhusu. Aidha, anayetaka kuuza kifaa chenye redio humu nchini sharti kiidhinishwe na Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Kijana anayefahamu hayo akiwa shuleni hatashtuka baadaye bidhaa yake ikizuiwa sokoni.

Yanayopasa kufanywa

Wapo watakaosema kwamba bodi hizi bado zinatoka Uchina, na kwamba kuzinunua ni kubadilisha utegemezi mmoja kwa mwingine. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Kiwanda cha Semiconductor Technologies kilicho katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kinaonyesha kwamba utengenezaji wa chipu si ndoto katika nchi hii. Lakini kiwanda cha chipu kinahitaji wahandisi, na wahandisi huanzia mahali fulani. Fundi seremala hakusubiri tupande miti yetu ndipo ajifunze kushika randa.

Tofauti iliyopo ni hii. Tableti iliyonunuliwa huja na akili ya mtu mwingine, na mwenye akili hiyo ndiye anayeshika ufunguo. Bodi tupu huja bila akili yoyote. Akili inayotiwa ni ya mwanafunzi: yeye ndiye anayeamua ipime nini, imwambie nani, na ni nani asiambiwe. Tukiishia kuwanunulia wakulima wetu vifaa mahiri vilivyokwisha kufungwa, habari za mashamba yetu zitahifadhiwa katika seva za watu wengine, na siku mwenye seva akiamua kuzifunga, ghala litakuwa bubu.

Kwa hivyo, serikali ingefanya vyema kuchukua hatua tatu. Kwanza, kabla ya ununuzi mwingine wowote mkubwa wa vifaa vya shule, Wizara ya Elimu itenge sehemu ya fedha hizo kwa seti za kuundia, hata kama ni seti 10 kwa kila shule yenye njia ya sayansi. Pili, mafunzo ya walimu yatangulie vifaa. Kosa la mwaka wa 2016 lilikuwa kuleta chombo kabla ya kumwandaa atakayekifunza. Mwalimu akipewa bodi moja na likizo moja ya kuihangaikia, atarudi darasani akiwa na majibu ya waya wa USB usiopitisha data.

Tatu, KICD iandae mwongozo wa Kiswahili. Ujuzi wa ESP8266 ulienea duniani kwa sababu watu walijitolea kuutoa katika lugha ya Kichina na kuutia katika lugha waliyoifahamu. Hatuna sababu ya kumfanya mtoto wa Taveta au Busia asubiri hadi Kiingereza chake kikomae ndipo aelezwe kwamba pini hii ni ya volti 3.3. Maneno yapo; yanayokosekana tutayaunda, kama tulivyofanya kwa runinga na tarakilishi.

Mavuno mengine yatafika ghalani, na mengine yatafungwa yakiwa na unyevu, kama ilivyokuwa mwaka wa 2004. Mtoto atakayeketi darasani muhula huo anaweza kuwa anajifunza neno unyevu ili alijaze katika karatasi ya mtihani, au anaweza kuwa na gunia moja nyumbani kwao lenye kitambuzi alichokiunganisha kwa mikono yake na kukijaribu kwa chumvi. Tofauti ya gharama kati ya watoto hao wawili, kwa hesabu ya seti moja kwa wanafunzi wanne, haifiki Sh900.